Kodi ya Kiwanja

Jumapili basi la saa tatu hutushusha
kwenye kituo kipya, rangi yake haijakauka vizuri.
Ng'ambo ya misonobari kuna ziwa
ambalo ramani ya shule yangu haikulijua.

Hapa palikuwa shimo la makaa ya mawe.
Makaa yalipokwisha, wakaufungulia mto.
Maji yakimwagika hayazoleki;
haya yalimwagwa makusudi, miaka minane,
usiku na mchana, kwa bomba,
mpaka shimo likashiba, likaitwa bustani.

Sasa kuna mchanga ulioletwa na malori,
kuna kibanda cha soseji, baiskeli za kukodi,
na upande wa mashariki kibao chekundu:
USIPITE, UKINGO UNAWEZA KUPOROMOKA.
Chini yake familia moja imetandika blanketi,
inakata tikiti maji.

Baba yangu, Gerhard Nowka, aliendesha mashine
iliyochimba shimo hili. Miaka ishirini na sita.
Ilikuwa ndefu kuliko mtaa wetu, husema,
na kijiko chake kimoja kingemeza gari.
Leo anapuliza boya la mjukuu wake,
anapumzika kila pumzi ya tatu,
kifua kikikoroma vumbi la zamani.

Mama amebeba mwavuli, mayai ya kuchemsha,
na kimya alichokiandaa tangu Ijumaa.
Yeye ni Hańža, mzaliwa wa kijiji
kilichokosea kukaa juu ya makaa:
nyumba thelathini na moja, kisima,
shule ya chumba kimoja.
Walipewa fleti mjini, ghorofa ya nne,
maji ya moto bombani,
na siku tisini za kuhama.

Tulikodi mashua ya pedali, ile yenye shingo ya bata.
Milka, miaka sita, ndiye aliyeuliza,
vidole majini, kama anayeuliza bei ya aiskrimu:
"Bibi, nyumba yenu ilikuwa wapi?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama pedali.
Mama akajikinga jua kwa kiganja,
akautafuta mnara wa kanisa la mjini,
akalitafuta dohani la kiwanda,
akangoja mpaka kimoja kikajificha nyuma ya kingine.
Kulia, akasema. Kulia tena. Rudi kidogo.
Baba akakanyaga kama alivyoagizwa,
polepole, kama apitaye penye mtoto aliyelala.
"Hapa."

Chini hakuna kitu, nilitaka kusema.
Nyumba haikuzama, ilichotwa;
udongo wake ulisafiri juu ya mkanda wa mpira
ukamwagwa sijui wapi.
Lakini sikusema.
Tulikuwa tunaelea, nadhani, usawa wa kizingiti.

Mama akamenya yai, maganda akayatupa majini.
"Banda la kuku lilikuwa upande huu."
Na baba, ambaye kwa miaka arobaini
hakuwahi kutamka siku ile ilikuwa zamu ya nani,
akasema, "Zamu ilikuwa yangu."

"Najua," akajibu mama. "Kula yai."

Akala. Milka akahesabu maganda yakielea,
meupe, saba, halafu sita,
halafu samaki fulani akakata shauri.

Tulichelewa kurudi.
Kijana wa gati, masikio yameiva kwa jua, akatazama saa:
dakika kumi na moja zimezidi,
malipo ni ya nusu saa nzima, samahani, ndiyo kanuni.
Nikapeleka mkono mfukoni. Mama akanizuia,
akafungua kipochi chake, akahesabu sarafu
moja moja, mpaka senti ya mwisho,
akazitia kwenye kiganja cha yule kijana.

"Kodi," akamwambia, naye asielewe,
"ya kiwanja."